Nani Anakutoa Funza?

Kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya afya vijijini kwetu Mara ana hadithi yake ya Bibi Afya, na karibu zote zinaanza na yeye kukaa chini. Hakuwa mtu wa kusimama mlangoni na kuulizia hali za watu kwa mbali. Ukimletea kiti anakisogeza pembeni, anakaa kwenye udongo na gauni lake la kazi, ananyoosha miguu, halafu anapiga paja lake kwa kiganja. Maana yake ni kwamba lete mguu hapa. Nimewahi kumwona mwenyekiti wa kijiji akivua soksi mbele ya wananchi wake bila kubisha, kwa sababu paja lilikuwa limepigwa mara ya pili.

Jina lake ninalijua, ila sijawahi kulitumia. Watu walimwita kwa kazi yake, na mimi niliyepelekwa kwake nikiwa kijana, nimemaliza chuo juzi juzi na shati langu lina pasi kali, nilimwita Mama. Yeye aliniita mura, yaani kijana, akifurahi, na wewe mtu wa Kibara akikasirika. Nyumbani kwetu ni Kibara, kando ya ziwa, na yeye alikuwa mtoto wa wafugaji. Aliamini watu wa ziwani tumedekezwa.

"Ninyi miguu zenu zinaoshwagwa na ziwa," aliniambia siku ya kwanza. "Mnakula sato mnalala. Sasa leo utajua vumbi."

Nililijua. Kazi yetu ilikuwa kufuatilia funza, wale wadudu wanaoingia kwenye vidole na visigino, wanajichimbia ndani ya nyama na kuvimba mpaka mguu unajaa vidonda na kucha zinaanguka. Asiyewajua huwacheka. Aliyewahi kuona mtu mzima anatembea kwa magoti hawezi kucheka. Tulikuwa tunazunguka kitongoji kwa kitongoji, Musoma vijijini, Bunda, Butiama, tukitazama miguu ya kila mtu. Penye funza tunapaka mafuta ya dawa na kupulizia sakafu za udongo. Kijiji kikionekana safi mzunguko baada ya mzunguko, kinaandikwa kuwa kimemaliza, na mafuta na pampu vinahamia kwingine.

Hapo kwenye kuandikwa kimemaliza ndipo alipokuwa na vita yake. Sisi wengine tulikuwa tunaombea siku hiyo ifike. Yeye aliiogopa. Aliogopa kijiji kufungwa wakati kuna mtu mmoja ndani bado amefichwa, kwa sababu mtu huyo hatapata tena mafuta, wala hatatokea wa kumuuliza. Ofisini walimwambia anachelewesha kazi. Alijibu kwamba kazi haijachelewa, ila wao ndio wana haraka.

Na watu walificha, mtu asikudanganye. Funza ni aibu. Ukisikika una funza, umesikika wewe ni mchafu, mkeo ni mchafu, mama aliyekuzaa hakukulea. Kwa hiyo tukitangaza kwamba tunakuja, watu wanajiandaa kama kwa ajili ya harusi. Suguti, miaka yangu ya mwanzo, tulipokelewa na kijiji kizima kimevaa viatu. Nilifurahi sana. Kwenye nyumba moja tulimkuta mzee amevaa mabuti ya kijani yenye kiraka cha mpira kwenye kifundo. Nyumba iliyofuata tulimkuta mama mmoja na mabuti ya kijani, na kiraka kilekile. Tulipofika nyumba ya juu kidogo, mabuti yalikuwa miguuni mwa kijana anayehema, maana alikuwa amekimbia nayo kupitia shambani ili atutangulie.

Bibi Afya aliinama mbele ya yule kijana.

"Mabuti, habari za toka kule," alisema. "Naona leo mna safari."

Kijana akacheka, mama yake akacheka, na mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Lakini yeye hakuwa anacheka. Alikaa chini, akapiga paja, akayavua mabuti kwa mkono wake mwenyewe. Sitaelezea alichokikuta humo ndani. Nitasema tu kwamba kijana alikuwa amekimbia na ile miguu, kwa ajili ya heshima ya kwao, na Bibi Afya alimpaka mafuta polepole bila kumgombeza hata kidogo. Njiani ndipo alinigombeza mimi, kwamba nilikuwa nafurahia viatu badala ya kutazama miguu.

Tangu siku hiyo hakutaka tutangazwe tena. Alibuni njia yake, na sijaona nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Alikuwa anaenda kijijini siku ya mnada. Kwetu siku ya mnada wa ng'ombe hakuna anayebaki nyumbani kwa hiari. Mwenye ng'ombe anaenda kuuza, asiye na ng'ombe anaenda kutazama wanaouza, wanawake wanapeleka mihogo na dagaa, na wengine wanaenda kula nyama choma na kusikia habari. Ofisini walimshangaa, wakamwambia atakuta nyumba tupu.

"Haitakuwaga tupu," alisema. "Atakayekuwepo ndiye ninayemtaka. Mtu hajaenda mnadani, mguu wake umekataa."

Na akimkuta huyo aliyebaki, hakumuuliza kama ana funza. Alisema hilo ni swali la kumfundisha mtu uongo. Alikuwa na swali lake, alilouliza baada ya salamu ndefu, kama anauliza habari za mvua: "Nani anakutoaga funza?"

Mgeni asiye wa kwetu haelewi uzito wake. Mtu hajitoi funza vizuri mwenyewe. Funza walio chini ya kisigino hawaonekani, na mkono unatetemeka. Anakutoa mtu. Unaweka mguu kwenye paja la mama yako, au bibi yako, au mkeo, mnakaa kivulini pembeni ya nyumba na pini au mwiba, mnapiga soga huku unakunja uso. Kwa hiyo kumuuliza mtu nani anakutoa funza ni kumuuliza ana nani duniani. Wenye watu walijibu haraka, mke wangu, bibi, dada. Aliyetazama pembeni tulijua tumempata.

Pini yenyewe aliichukia. Alizikusanya pini kila nyumba, maana pini moja ilikuwa inazunguka familia nzima na kupeleka uchafu wa mguu huu kwenye mguu ule, na alishamzika jamaa yake kwa pepopunda. Mafuta ya dawa hayahitaji kuchokonoa, yanapakwa tu na funza anafia humo humo. Lakini alishikilia kwamba mtu apakwe na mwenzake, mguu ukiwa pajani. "Nimewanyang'anya pini," alikuwa akisema, "paja sijawanyang'anya."

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na hasira za karibu, na mdomo wake ulimnyima vyeo ambavyo wadogo zake kazini walivipata. Alihubiri viatu wilaya tatu nzima, halafu akifika kwake anavitupa mlangoni na kutembea peku kati ya kuku na mbuzi wake. Ukimwambia, anasema miguu yake imechoka na serikali. Alidai hapendi mbwa, na mbwa wake alilala jikoni. Kwaya ya parokia ilimvumilia. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe na aliitumia yote.

Kuna jambo moja la kanisani nililicheka wakati huo. Alhamisi Kuu moja, Padri alimchagua awe miongoni mwa watakaooshwa miguu mbele ya waumini. Ilikuwa ni kumpa heshima, kila mtu alielewa, kwa mwanamke aliyeshika miguu ya watu maisha yake yote. Alikataa. Padri alimfuata mpaka nyumbani, naye akamkatalia mlangoni, kwa upole lakini amekataa.

"Baba, miguu yangu haijawahi kushikwa na mtu," alisema. "Tafuta mwingine. Mimi nitashika taulo."

Akashika taulo kweli, amesimama wima ibada nzima.

Nikiambiwa nichague siku moja tu ya kumweleza mwanamke huyu, nitachagua ile ya Mugeta. Kulikuwa na mji, yaani boma, la mfugaji mmoja mkubwa, mtu wa heshima, nyumba ya bati, zizi limejaa. Kila mzunguko alitupokea vizuri, akatupa maziwa ya mgando, akapanga watu wake wote kwenye mstari. Miguu safi. Kitongoji chote kile kilikuwa safi, na ofisini walikuwa tayari kukifunga. Bibi Afya alikuwa anakunywa maziwa yake na kunung'unika kwamba mji ule una watu wengi kuliko mstari.

Tukarudi siku ya mnada. Mwenye mji hakuwepo. Mkewe alikuwa anatoka jikoni na sahani iliyofunikwa, anaelekea kwenye kibanda cha mbuzi nyuma ya nyumba. Alipotuona akageuka, akarudi nayo ndani kama aliyesahau kitu.

"Mama, endelea tu," Bibi Afya alimwambia. "Ila sijawahi kuona mbuzi anafunikiwaga chakula."

Yule mama akabaki amesimama, machozi yakamtoka palepale. Ndani ya kibanda alikuwemo baba mkwe wake. Alikuwa amekaa kwenye gunia, mzee mrefu aliyekondeana, mikono nayo ikiwa na vidonda kwa sababu alikuwa anaitembelea. Miguu yake siielezi. Alituamkia kwa sauti nzuri kabisa, kama mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Nilipandwa na hasira. Nilimgeukia yule mama nikaanza kusema mambo makali kuhusu watu wanaomlaza mzazi na mbuzi. Bibi Afya akanikata.

"Nyamaza wewe mtu wa Kibara. Angefanya nini?" Kisha akamgeukia mama. "Mweleze."

Akaeleza huku ametazama chini. Mkamwana hamgusi baba mkwe. Hata mkono hampi. Kumshika mguu mkwe wake, kuuweka pajani, ni jambo ambalo asingeweza kulifanya hata angeelekezewa mkuki. Wakati mama mkwe yupo hai, yeye ndiye alikuwa anamtoa mzee funza. Mama mkwe alipofariki, mzee mwenyewe ndiye aliyeomba kuhamia kibandani, ili mkamwana asione miguu yake. Hawakumtupa. Walikuwa wanaheshimiana, na katika kuheshimiana huko mzee akawa anaoza.

Bibi Afya alikaa chini kwenye mavi ya mbuzi. Akapiga paja.

"Baba, nani anakutoaga funza?"

"Aliyekuwa ananitoa alikufa," mzee alisema.

Nilidhani tutampaka mafuta tuondoke. Mimi nilikuwa tayari nimeshafungua chupa. Akanizuia. Alitaka tumngoje mwenye mji. Tulingoja mpaka jua likapoa na vumbi la watu wa mnadani likaonekana njiani, na mwenye mji akaingia na fimbo yake na kofia mpya. Alipotukuta kibandani uso wake ulibadilika. Akaanza kusema tungemwarifu mapema.

"Kaa chini," Bibi Afya alimwambia. "Weka mguu wa baba yako hapo mapajani."

"Mama, hii kazi ni ya wanawake."

"Mwanamke wake amekufa. Umebaki wewe."

Kulikuwa na majirani wameshaanza kusogea. Mtu mwenye ng'ombe kama wale hakai kwenye samadi mbele ya watu. Bibi Afya hakupandisha sauti wala hakurudia. Alimnyooshea tu ile chupa ya mafuta, mkono ukabaki hewani. Sijui ulikaa pale kwa muda gani. Najua mimi ningeushusha. Hatimaye yule bwana aliweka fimbo chini, akavua kofia, akakaa. Mguu wa baba yake ulipofika pajani kwake alitoa mlio mdogo wa kifuani, na mzee akaweka kiganja kwenye kichwa cha mwanawe akakiacha hapo.

Kitongoji hakikufungwa. Tulirudi, na tulirudi tena, na kila mara mwenye mji ndiye aliyekuwa anapaka. Mzee alihamishiwa nyumba ya bati. Siku niliyomwona mnadani, anatembea na fimbo, anabishana bei ya ndama ambaye hana nia ya kumnunua, nilitamani kumkumbatia.

"Umejifunza nini?" Bibi Afya aliniuliza baadaye, wakati tunarudi kwa pikipiki, ananipigia kelele mgongoni. Nikasema nimejifunza kuangalia vibanda vya mbuzi. Akanipiga kofi la bega. "Mtu hafichwagwi na watu wabaya peke yao, mura. Watu wazuri ndio wanafichaga vizuri zaidi."

Alistaafu. Nilikalia meza yake, nikapewa vijana wa kuwaongoza, wenye simu za kujazia taarifa, wepesi, wana adabu. Yeye alirudi kwao, kijiji kimoja ndani ndani huko Butiama, kwenye nyumba yake ya matofali ya kuchoma yenye jiko la udongo pembeni. Binti yake wa pekee yuko mbali, humpigia simu Jumapili baada ya misa. Nilikuwa nasikia macho yanamsumbua, mtoto wa jicho, na kwamba upasuaji anauahirisha. Nilituma salamu.

Kiangazi kilichopita tulikuwa tunamalizia kijiji hicho. Vijana waliniletea taarifa, kote safi, tayari kufungwa. Niliona fahari. Nikasema nitapita kwa Bibi Afya nimpe habari hiyo mwenyewe, atafurahi kijiji chake kimemaliza.

Zamani ulikuwa hufiki getini kabla hajakufuata kukugombeza. Safari hii alinijibu hodi akiwa jikoni na hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mbwa pembeni, jua la kiangazi linachoma bati, na yeye amevaa soksi nene za sufu. Nikamwamkia shikamoo. Akaniuliza habari za mke, za watoto, za Kibara, kama sangara bado wanavuliwa. Akaniambia nijimiminie uji.

"Vijana wako walipita," alisema. "Wana heshima sana. Walipiga magoti kunisalimia. Wakanywa uji, wakaniuliza habari za zamani, wakaenda."

"Wameniambia hapa ni safi."

"Ndivyo walivyoandika?"

Nilikuwa natazama zile soksi. Nilitazama pia mkeka, jinsi ulivyokuwa umesogezwa karibu na mafiga, na kopo la maji, na sufuria, na fimbo, kila kitu kikiwa mahali ambapo mtu anakifikia bila kusimama. Nikasikia moyo wangu unaniambia kitu ambacho sikutaka kukisikia. Nikaweka kikombe chini. Nikakaa kwenye udongo mbele yake, na suruali yangu ya ofisini, na nikapiga paja.

"Mama," nikasema, "nani anakutoaga funza?"

Alitazama pembeni. Mwanamke aliyemkalisha mfugaji kwenye samadi, aliyemkatalia Padri, alitazama pembeni kama wote tuliowahi kuwauliza.

"Macho hayaoni," alisema baadaye. "Nilikuwaga najipaka mwenyewe. Sasa siwaoni."

"Mbona hukuwaambia vijana?"

"Ningewaambiaje? Mimi? Nilikuwa nimeshaandaa ulimi. Wakapiga magoti, mura. Wakapiga magoti kunisalimia, ulimi ukakataa. Miaka yote ile nilidhani nawaelewa wale watu. Sikuwa nawaelewa."

Nilizivua soksi. Alijaribu kuurudisha mguu, nikaushika. Ulikuwa mwepesi, na umeharibika kiasi cha kunitoa machozi, na nililia kweli, sioni haya kusema. Nikachota maji, nikaosha, nikafungua mafuta. Mwanzoni mguu ulikaa juu ya paja langu umekakamaa kama unaogopa kunichosha. Kisha ukalegea, uzito wake wote ukaniingia.

Alipohisi umelegea alirudi kuwa yeye.

"Katikati ya vidole. Usiharakishe. Hivi ndivyo nilivyokufundisha?" Kisha akauliza, "Umeshaandika?"

"Bado, Mama. Naweza nikakupaka tu, nikawa nakuja mwenyewe. Si lazima iandikwe."

"Andika." Ile sauti ya kuita ng'ombe ikatoka. "Andika nyumba yangu ina funza. Butiama haijamaliza. Na kesho uwachukue vijana wako mrudi nyumba zote mlizokunywa uji. Kwa katekista. Kwa mwalimu mkuu mstaafu. Kwa yule mzee aliyekuwa diwani. Kwa wote mliowapigia magoti."

Nikaandika mbele yake, namsomea kwa sauti kwa kuwa haoni, na akanirekebisha mahali nilipolainisha. Kisha nikamgeuzia mguu wa pili.

Asubuhi tulianza na nyumba ya katekista. Alitoka kutupokea kwa furaha, amevaa viatu vya kufunga vilivyong'arishwa, na mkewe akawa anakuja na birika la uji. Niliwaona vijana wananitazama. Nikakaa chini hapo uani, nikanyoosha miguu, nikapiga paja.